Usifute Ile Picha

Vijana wenzetu, na ninyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee juu ya picha flu. Zile zenye ukungu, zilizotikisika, ambazo kila mara tunaambiwa tuzifute.

Kwa Siku ya Wakimbizi, 20 Juni, shirika moja lilituomba picha za maisha ya kambini hapa Muyinga. Tukatuma. Jibu likarudi: haziko wazi, tafadhali rudieni. Turudie nini? Yule mama aliyekuwa anacheka jioni ile, tumwambie acheke upya? Baadaye akaja mpiga picha wao na kamera kubwa, akakaa saa moja, watoto wakapangwa mstari. Picha zake ni kali kama wembe. Hakuna anayecheka humo ndani.

Ukungu siyo uzembe wetu. Jioni mwanga ni mdogo, kwa hiyo simu inachukua muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, na mkono ukitikisika kidogo tu, basi. Kioo cha kamera kina mafuta ya vidole. Tena ukituma kwa WhatsApp, picha inabanwa.

Na kuna ukungu ambao ndio habari yenyewe. Kule Gishora, karibu na Gitega, wapiga ngoma wanaruka juu na fimbo mikononi. Ni ile ngoma ya kifalme ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha yake mwaka 2014. Wenzetu waliopata karatasi ya kutoka wakafika kule, walirudi na picha ambazo mikono ni mistari tu. Vizuri sana! Ukiugandisha ule mkono unabaki na mtu amesimama na fimbo. Robert Capa alipiga wanajeshi wakishuka ufukweni Normandy, 6 Juni 1944, picha zikatoka zimetikisika, na hadi leo zinaonyeshwa. Hakuna aliyemwambia arudie vita.

Sasa, kuokoa. Ondoa rangi kwanza, iwe nyeusi na nyeupe. Halafu ongeza chembechembe kama za filamu ya zamani: jicho linashika zile chembe, linaacha kutafuta ukali ambao haupo. Snapseed inafanya hayo bure, haili mega. Mtindo wa rangi ya maji nao unasaidia, kwa sababu unatupa vitu vidogo vidogo ambavyo tayari vimepotea. Mtindo wa penseli achana nao, unahitaji kingo zilizo wazi, kwenye picha flu unatoa michoro ya kuku. Na msivute ule mshale wa ukali hadi mwisho. Watu wanaota mstari mweupe kichwani kama watakatifu.

Lakini hizi programu za akili bandia zinazosema zinasafisha uso, hapo tunagombana. Hazisafishi kitu. Zinabuni. Zinachukua kope na meno kutoka kwenye nyuso elfu na elfu zilizojifunza, zinambandika bibi yako. Kuna wenzetu ambao picha moja ya bibi ndiyo yote waliyovuka nayo kutoka Uvira. Ikipita huko inarudi mwanamke mzuri, macho yanang'aa, ambaye hakuna aliyemzaa. Chembechembe zinakiri kwamba picha ni mbaya. Ile programu inadanganya, tena kwa tabasamu.

Picha ya kutafutia ndugu msiiguse kabisa, hata chembe moja. Baada ya 1994, kule Goma, picha za watoto waliopotezana na wazazi zilibandikwa ili watambuliwe. Mzazi anatafuta kovu, anatafuta sikio. Na kila picha mnayoipamba, ile ya kwanza ibaki pembeni.

Ninyi wa mashirika, mkitaka picha wazi, acheni simu moja nzuri ibaki kambini badala ya kuja na kamera na kuondoka nayo. Mpaka hapo mtapokea za kwetu nyeusi na nyeupe, na huyo mama akicheka.