Kilio Bila Mfiwa: Hoja dhidi ya Maoni Yaliyozoeleka kuhusu Filamu ya Spirit

Utangulizi

Mwaka 2002 kampuni ya DreamWorks ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo Spirit: Stallion of the Cimarron, iliyoongozwa na Kelly Asbury na Lorna Cook kutokana na mswada wa John Fusco. Ni kisa cha farasi-mwitu wa nyika za magharibi ya Marekani katika karne ya 19. Farasi huyo anatekwa na askari wapanda farasi, anakataa kutiishwa, anatoroka pamoja na kijana wa Kilakota aitwaye Little Creek, anatekwa tena na kutumikishwa katika ujenzi wa reli, na mwishowe anarejea kwa kundi lake akiwa hajashindwa na yeyote. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni iliyotolewa mwaka 2003, ikashindwa na Spirited Away ya Mjapani Hayao Miyazaki. Tangu wakati huo haijaacha kuzungumzwa. Walioiona utotoni sasa ni wazazi, nao wanawaonyesha watoto wao na kuitetea kwa ukali wa mtu anayetetea kumbukumbu zake mwenyewe.

Makala haya yanashikilia kwamba mjadala wa watazamaji hao umesimama mahali pasipo pake. Maoni matatu yanayorudiwa sana yote yana kasoro. Maoni ya nne, ambayo huchukuliwa kuwa ni manung'uniko tu ya ladha, ndiyo yenye uzito wa kihakiki, na kwa bahati mbaya ndiyo wasomi wameyadharau.

Maoni matatu

Maoni ya kwanza ni ya sifa. Watazamaji wengi huisifu filamu hii kwa kuwa wanyama wake hawasemi. Katika filamu za jadi ya Disney, farasi angepewa ulimi wa binadamu, mizaha, na rafiki mchekeshaji wa kuandamana naye. Spirit hulia kifarasi, hukoroma, hutimka, na hisia zake husomeka machoni na masikioni. Sifa hii ina ukweli wake, na itarejelewa baadaye.

Maoni ya pili ni ya shutuma. Wapo watazamaji wanaodai kwamba filamu imewachora Wazungu kuwa mashetani na Walakota kuwa malaika, na kwamba si haki kumlisha mtoto historia ya upande mmoja. Maoni ya tatu ni ya kukwepa. Haya husema kwamba hii ni filamu ya watoto kuhusu farasi, na kwamba anayetafuta siasa ndani yake anatafuta mfupa katika maziwa.

Maoni ya tatu hayahitaji kujibiwa kwa kirefu. Filamu inayoanza kwa kuitaja historia ya magharibi ya Marekani, ikaonyesha ngome ya jeshi, kijiji kinachoshambuliwa na reli inayokata mlima, haiwezi kudai kwamba haizungumzii siasa. Isitoshe, idara zinazofundisha fasihi simulizi zinafahamu fika kuwa hadithi ya watoto ndiyo chombo ambacho jamii hukiamini zaidi inapotaka kurithisha itikadi zake. Anayesema kisa ni cha watoto tu anakiri, bila ya kujua, kwamba kinastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi.

Maoni ya pili yanapingwa na filamu yenyewe. Mtazamaji na akumbuke mandhari ya karibu na mwisho. Spirit, akiwa amempakia Little Creek mgongoni, anaruka korongo ambalo hakuna askari anayethubutu kuliruka. Askari mmoja analenga bunduki. Kanali anamzuia, anamtazama farasi, kisha anampa ishara ya heshima kwa kichwa na kuondoka. Tendo hilo la ukarimu, ambalo ndilo linaloufungua mwisho mwema, amepewa nani? Amepewa kamanda yuleyule aliyeamuru farasi afungwe mlingotini siku tatu bila chakula wala maji, na ambaye askari wake walikishambulia kijiji. Filamu iliyokusudia kumfanya Mzungu kuwa shetani haingemkabidhi ufunguo wa huruma. Ukweli ni kwamba imemsamehe mapema mno, tena kwa kinywa kisichokuwa cha walioumizwa.

Sauti inayoudhi

Yamebaki maoni ya nne. Watazamaji wa kawaida, wakiwemo wanaoipenda filamu hii, hulalamika kwamba sauti ya msimulizi inaingilia mno na kwamba nyimbo zimezidi. Msimulizi ni farasi mwenyewe katika nafsi ya kwanza, kwa sauti ya mwigizaji Matt Damon. Nyimbo, zilizoimbwa na Bryan Adams, nazo zina "mimi" yuleyule. Mara farasi anapotazama upeo wa macho, sauti inaeleza anachokitamani. Mara anapofungwa, wimbo unaeleza kwamba hatakata tamaa. Mtazamaji anaona, kisha anaambiwa alichokwisha kukiona.

Wasomi hulipita lalamiko hili kwa dharau, wakidai kuwa maoni ya mtazamaji si uhakiki. Dharau hiyo haiwafai, hususan wale wanaofundisha kwamba katika ngano fanani hana uhai bila ya hadhira, na kwamba hadhira ndiyo humsahihisha fanani anapokengeuka. Hadhira inapoguna, pana jambo. Kazi ya mhakiki ni kueleza mguno huo umetoka wapi.

Mguno huu una chanzo. Sifa iliyotajwa hapo juu, kwamba farasi hasemi, ni nusu ya ukweli. Farasi aliyechorwa hasemi, lakini farasi anayesimulia anasema kuanzia mwanzo hadi mwisho. Filamu imejitwalia heshima ya ukimya na faida ya maneno kwa wakati mmoja. Masikio ya watazamaji yameugundua ulaghai huo kabla ya nadharia za wasomi. Pale ambapo sauti inanyamaza, kwa mfano katika mandhari ya farasi kufungwa mlingotini, au ya safu ya farasi wakilivuta garimoshi kupanda mlima, filamu inafikia kilele cha usanii wake. Panapohitajika maelezo, michoro ya watu wa DreamWorks inajitosheleza.

Hata hivyo, jambo hili si la fani pekee. Swali la nani anasimulia ni swali la nani ana haki ya kusimulia. Katika dakika za mwanzo kabisa msimulizi anadai kwamba historia ya magharibi imesemwa na wapandao farasi, na sasa itasemwa na farasi. Kwamba ardhi ile kwa watu wa jinsi yake haikuwa na mwanzo wala mwisho. Na kwamba kama magharibi ile ilishindwa au ilipotea, mtazamaji aamue mwenyewe. Madai hayo matatu yanapaswa kupimwa.

Dai la kwanza linawataja wahusika wawili, mpanda farasi na farasi. Walakota hawamo. Wanapokuja kutokea, wanatokea kama wenyeji wema wa farasi, wala hakuna hata mmoja wao anayekabidhiwa usimulizi.

Dai la pili linapingana na historia ya farasi wenyewe. Farasi wa asili wa Amerika walitoweka takriban miaka 10,000 iliyopita. Waliorejea waliletwa kwa merikebu na Wahispania, kuanzia safari ya pili ya Columbus mwaka 1493, na walisambaa kwa wingi kwenye nyika za kaskazini baada ya Wapueblo wa New Mexico kuwaasi Wahispania mwaka 1680. Hata jina mustang limetokana na neno la Kihispania la mnyama aliyepotea asiye na mwenyewe. Farasi-mwitu wa Marekani, basi, ni mjukuu wa farasi wa kufugwa aliyetoroka. Hilo halimpunguzii uzuri wala haki ya kuishi. Lakini anaposimama na kujitangaza kuwa mwenyeji wa tangu na tangu, ilhali wenyeji wenyewe wamesimama nyuma yake wakiwa kimya, mgeni amekikalia kigoda cha mwenye nyumba.

Dai la tatu ndilo zito kuliko yote. Kwa Walakota, suala la magharibi kushindwa au kupotea halikuachiwa mtazamaji. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwahakikishia milima ya Black Hills. Kabla ya miaka 10 kupita walikuwa wamekwisha kunyang'anywa. Desemba 29, 1890, askari wa jeshi la Marekani waliwaua Walakota wengi, wakiwemo wanawake na watoto, huko Wounded Knee. Mwaka 1980 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba milima ile ilichukuliwa bila ya fidia ya haki, na ikathibitisha malipo ya zaidi ya dola milioni 100. Walakota walikataa kuzipokea, kwa kuwa wanachokidai ni ardhi. Watu ambao wamekataa fedha za kiasi hicho wamekwisha kuamua. Kumwachia mtazamaji aamue ni kuwafutia uamuzi wao.

Pingamizi mbili

Mtetezi wa filamu anaweza kuleta pingamizi kwamba katika ngano za Kiafrika wanyama husema siku zote, na hakuna anayemlaumu Sungura kwa kusimama badala ya mnyonge. Pingamizi hili linasahau kaida ya ngano. Sungura husema katika ulimwengu ambamo wanyama wote husema, na hadhira imeufunga mkataba huo na fanani tangu kitangulizi. Sungura hadai kuwa shahidi wa vita fulani vya mwaka fulani. Spirit anadai. Anasema kwamba kisa chake ni cha kweli na kwamba yeye alikuwapo. Hicho si kinywa cha ngano, ni kiapo cha mahakamani.

Pingamizi la pili ni la istiari: kwamba farasi anawakilisha Walakota. Lakini istiari husimama mahali pa kisichokuwapo. Ikiwa Walakota wamo ndani ya kisa, wana miili, majina na kijiji, wana haja gani ya kuwakilishwa na mnyama wao? Na kama ni istiari, basi inadanganya mahali penye uchungu zaidi. Farasi anarejea nyumbani na kuikuta ardhi yake salama. Anarudi na Rain, farasi jike wa Little Creek, aliyedhaniwa kuwa ameuawa katika shambulio la kijiji na ambaye ndiye anayeombolezwa katika shambulio hilo. Kijiji kilichoshambuliwa hakipewi matanga. Reli, ambayo katika historia iliunganishwa mashariki kwa magharibi huko Promontory, Utah, Mei 10, 1869, inaachwa kana kwamba imezuiwa kwa kwato.

Yaliyofuata yalionyesha jinsi zuio hilo lilivyokuwa jepesi. Katika mfululizo wa Spirit Riding Free wa mwaka 2017 na filamu ya Spirit Untamed ya mwaka 2021, farasi mwenye jina lilelile ni rafiki wa msichana aitwaye Lucky Prescott, binti wa ukoo wa watu wa reli. Watazamaji wa awali walilalamika kwamba Spirit wao ameharibiwa. Hawakupaswa kushangaa. Kisa ambacho uhuru wake ni wa farasi mmoja kinaweza kuuzwa kwa yeyote, hata kwa mwenye reli.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali kulitambua jambo hili. Kitabu cha Joy Adamson kuhusu simba Elsa, Born Free, kilitoka mwaka 1960, mwaka uleule ambao Hali ya Hatari iliondolewa rasmi nchini, na filamu yake ikafuata mwaka 1966. Dunia ilijifunza kulililia neno uhuru la Kenya kwa ajili ya simba, wakati ambapo wengi miongoni mwa waliolipigania wangali wanarejea kutoka vizuizini bila ya ardhi. Hakuna ubaya kumpenda Elsa. Ubaya ni kwamba machozi yana kiasi, na yakikwisha kumwagwa mahali pamoja hayapatikani pengine kwa urahisi. Msomaji na ajiulize angesemaje iwapo upinzani wa Wanandi dhidi ya reli, hadi kuuawa kwa Koitalel arap Samoei mwaka 1905, ungesimuliwa na punda wa msafara, naye akamwachia mtazamaji aamue nani alishinda.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia. Filamu ya Spirit imeugeuza utaratibu huo. Wa mbali ameanza kulia, tena kwa sauti nzuri na kwa ala za Hans Zimmer, na mfiwa ameombwa ashike hatamu ya farasi. Mzazi asiwafungie watoto wake filamu hii. Ina mandhari ambayo yatawafunza ukaidi wa heshima, na ukaidi ni funzo adimu. Lakini mtoto anapouliza, kama watoto waulizavyo, watu wa kile kijiji walikwenda wapi, asijibiwe kwamba hii ni filamu ya farasi tu. Amekwisha kuanza kuhakiki, naye anastahili jibu.