Maonyo ya Kompaila Yapewe Haki Yake

Lugha ya Haskell, iliyotangazwa mwaka 1990, imepata sifa njema miongoni mwa watunga programu kwa sababu kompaila yake mashuhuri, GHC, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Glasgow, huisoma programu yote kabla haijaanza kutumika na kuikataa katakata iwapo maneno na tarakimu vimechanganywa pasipo idhini. Lakini baina ya kukubali na kukataa lipo daraja la tatu, nalo ni onyo, ambapo kompaila huipitisha programu huku ikitaja mahali inapopatilia shaka. Na daraja hili, kwa maoni yangu, limedharauliwa mno.

Tuseme programu ya malipo yatambua hali tatu, kwamba malipo yamepokewa, yanasubiri au yamekataliwa, naye mtungaji akaeleza la kufanya katika hali mbili za kwanza akaisahau ya tatu. GHC ina uwezo wa kuliona pengo hilo, walakini kwa mpangilio wake wa asili haineni neno. Programu hupita, huenea mikononi mwa watu, na siku malipo ya mmoja wao yatakapokataliwa huanguka ghafula, dhara likamfika asiye na taksiri. OCaml, lugha ya jamii hiyohiyo iliyotoka Ufaransa, hulitaja pengo kama hilo bila kuombwa, na kwa insafu OCaml ndiyo iliyo katika haki. Mwenye kuujua upungufu na akanyamaza hadi aulizwe hawi mshauri mwema.

Dawa ipo, nayo ni amri ya -Wall, iamshayo onyo hilo pamoja na mengine mengi. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba huyaamsha yote: mengine huitikia -Weverything, na pengo la namna hii likiwa ndani ya funksheni isiyo na jina halikuingia katika -Wall mpaka toleo la 9.2, mwaka 2021.

Wako wanaotaka kila onyo ligeuzwe kuwa kosa kwa amri ya -Werror. Katika ukaguzi wa ndani nawaunga mkono kwa moyo wote, ila katika maktaba inayotolewa kwa umma siwaungi, maana kila toleo jipya la GHC huweza kuleta onyo jipya, kama toleo la 9.8 lilivyoanza kuwaonya wanaotumia head, funksheni ivunjikayo mbele ya orodha tupu. Na maktaba iliyokuwa salama jana ikakataliwa leo kwa mtu asiyeibadili hata herufi. Afadhali -Werror=incomplete-patterns, ambayo hulifanya kosa onyo la pengo peke yake. Na anayelazimika kulizima onyo lolote, alizime katika faili moja linalohusika, na aandike sababu yake papo hapo, ili atakayeirithi kazi hiyo aweze kuipima.