Laborantini aliyekimbia vita apimwe mbele ya mikroskopu, si kwa buletini tu

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia Goma, na mwezi wa pili makambi ya Bulengo, Lushagala na mengine kandokando ya mji yalipovunjwa, familia nyingi ziliondoka na vile vitu mikono iliweza kubeba: sufuria, shuka, mtoto mgongoni. Buletini za shule hazikuwa vitu vya kwanza kubebwa. Na wengi walikuwa wamekwisha kuzipoteza mbele ya pale, siku walipokimbia Masisi, Rutshuru ao Nyiragongo.

Kati ya waliokimbia wako vijana waliokuwa wakisomea kazi ya labo. Kijana amefika mwaka wa tatu, anajua kutoa damu, anajua kupaka kioo, anajua kusoma malaria. Anapofika kwenye mji mwingine na kugonga mlango wa shule, swali la kwanza ni: buletini iko wapi? Hana. Anaambiwa aanze upya, ao arudi kuitafuta kule ambako nyumba imechomwa. Kwa jamaa inayokula mara moja kwa siku, kurudilia miaka mitatu ni sawa na kufungiwa mlango. Kijana anaingia sokoni kuuza makala, ao anatafuta pikipiki ya kuendesha. Wakati huo, kwenye kituo cha afya kilicho karibu na kambi, mtu mmoja anapima damu ya wagonjwa wa siku nzima, na akiugua yeye, labo inafungwa.

Hapo kuna kosa ambalo linaweza kurekebishwa bila feza nyingi. Shule za matibabu na viongozi wa afya waache kumhukumu mwanafunzi wa labo kwa karatasi peke yake. Wamkalishe mbele ya mikroskopu na waone anachojua.

Wakaaji wengi wanaona kazi hiyo kuwa ndogo. Wanamjua munganga, wanamjua muuguzi, lakini yule aliye nyuma ya kile chumba kidogo wanamwona tu kama mtu wa kuchoma kidole. Kazi yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Kwa malaria, sherti apake tone nene la damu kwenye kioo, aliache likauke vizuri, asilipitishe kwenye alkoholi, kisha alitie rangi ya Giemsa. Halafu anaweka tone la mafuta na kuanza kutazama, sehemu moja kisha nyingine. Mbele ya kuandika kwamba hakuna malaria, anatakiwa kutazama sehemu zisizopungua mia moja. Mwenye haraka anatazama kumi na kuandika. Mama aliyeketi kwenye benchi hawezi kujua tofauti.

Kwa kifua kikuu ni vile vile. Makohozi yanapakwa, yanatiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, yanaoshwa kwa asidi, yanatiwa rangi ya buluu. Vijidudu vinabaki vyekundu juu ya buluu. Aliyeosha kidogo mno anaona ugonjwa usiokuwapo, na mtu mzima anameza dawa kwa miezi sita bure. Aliyeosha vibaya ao kutazama kwa uvivu anakosa ugonjwa uliopo, na mgonjwa anarudi kulala katika hema moja na watoto watano.

Wako wanaosema kwamba siku hizi vipo vipimo vya haraka, tone moja la damu na jibu ndani ya dakika chache, basi laborantini wa nini? Vipimo hivyo vimeokoa watu wengi, hakuna wa kubisha. Lakini kile cha malaria kinachotumiwa sana kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa majuma kadhaa kisha mtoto kupona, sababu mabaki yake yanaendelea kuwa ndani ya damu. Mtoto aliyemaliza dawa juma mbili zilizopita akirudi na homa, kipimo kinasema malaria, na inawezekana kinachomsumbua ni kitu kingine kabisa. Mikroskopu ndiyo inayoonyesha kama vijidudu vipo sasa, na ni vingi kiasi gani. Kongo ni nchi ya pili duniani, kisha Nijeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Nchi ya namna hiyo haiwezi kuachilia jicho la laborantini.

Na iko damu ya kuongezwa. Mtoto ambaye malaria imemmaliza damu hana muda wa kungoja. Mtu anayejitolea anapaswa kupimwa kundi la damu, kisha virusi vya ukimwi, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Halafu damu yake inajaribiwa pamoja na ile ya mgonjwa ili kuona kama zinapatana. Kosa moja pale linaua usiku ule ule, ao linamwachia mtoto ugonjwa wa maisha yote. Anayefanya kazi hiyo saa nane za usiku, kwa mwanga wa tochi, mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na kitu.

Watu wa mashariki wanajua pia kwamba ugonjwa mkubwa unapoingia, labo ndiyo inayoupa jina. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, kisha sampuli sita kutoka upande wa Mangina kupelekwa INRB kule Kinshasa na nne kati yao kukutwa na virusi. Sampuli zilivuka nchi nzima kwa ndege mbele ya jibu kupatikana. Baadaye mashine za GeneXpert, zilizojulikana kwanza kwa kupima kifua kikuu, zililetwa Beni na miji mingine, na majibu yakaanza kutoka siku ile ile. Ugonjwa huo ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Kamituga, katika Kivu ya Kusini, ambako aina mpya ya mpox ilitokea kati ya wachimba dhahabu na watu wa mabaa. Mashine haijiendeshi yenyewe. Sherti mtu achukue sampuli vizuri, aandike jina bila kukosea, afunge vizuri, na asijiambukize.

Kujiambukiza si maneno ya kutishia watoto wa shule. Mwaka 1995 kule Kikwit, mfanyakazi wa labo aliyekuwa mgonjwa alifanyiwa upasuaji hospitalini mbele ya Ebola kutambuliwa, na wahudumu waliomshughulikia wakaambukizwa. Ndiyo maana masomo ya labo hayaanzi na mikroskopu. Yanaanza na glavu, na maji ya klorini, na sindano isiyorudishwa ndani ya kifuniko chake.

Masomo yenyewe yana njia mbili. Iko ile ya shule ya ufundi wa matibabu, ITM, ambayo kijana anaingia katika masomo ya sekondari na kutoka na diploma ya A2. Na iko ile ya chuo cha juu, ISTM, kwa aliyekwisha kupata diploma ya serikali. Njia zote mbili zinadai staji hospitalini, sababu hakuna anayejifunza kutoa damu ya mtoto mchanga kwa kusoma ubaoni. Mkono unajifunza kwa kurudia. Na mkono huo haupotei nyumba inapochomwa. Karatasi ndiyo inayopotea.

Walimu wakuu wana jibu lao, na si jibu la kudharau. Wanasema: tukifungua mlango kwa asiye na buletini, kila mtu atakuja na kusema alikuwa mwaka wa tatu. Ni kweli. Udanganyifu upo, na vita vimeuongeza. Wako wanaouza mafunzo ya miezi mitatu na kugawa cheti chenye mihuri mingi. Wako waliowahi kufagia labo na leo wanajiita laborantini. Mgonjwa ana haki ya kukingwa dhidi ya watu hao.

Lakini buletini haimkingi mgonjwa. Buletini inanunuliwa, na mihuri inachongwa mjini. Kitu kisichonunuliwa ni kusoma kioo mbele ya mtu anayejua jibu. Na hiyo si mbinu mpya. Kwa kifua kikuu, labo zimezoea kazi hii: vioo vilivyokwisha kusomwa vinachaguliwa, vinasomwa tena na mtu mwingine asiyeambiwa jibu la kwanza, halafu majibu yanalinganishwa. Hivyo ndivyo laborantini aliye kazini anavyochunguzwa. Kinachofaa kwa aliye kazini kinashindwaje kufaa kwa mwanafunzi aliyekimbia?

Inatosha siku mbili. Hospitali kuu inatoa vioo ishirini vyenye majibu yanayojulikana, vya malaria na vya kifua kikuu, vyenye ugonjwa na visivyo na ugonjwa. Mwanafunzi anavisoma peke yake na kuandika. Kisha anapima makundi ya damu, anatia rangi kioo chake mwenyewe, anaonyesha namna ya kuvaa na kuvua glavu, namna ya kuandika kitabu cha labo. Anaulizwa afanye nini kama majina mawili yanafanana. Mdanganyifu hatafika saa sita mchana. Aliyesoma kweli ataonekana, na atawekwa katika mwaka unaomfaa: wa tatu, ao wa pili kama mkono umelegea. Walimu wake wa zamani nao wengi ni wakimbizi, wanaishi katika mitaa ile ile. Wanaweza kuitwa kutoa ushahidi na kutia sahihi. Wizara ya afya na ile ya elimu ya juu, pamoja na wakubwa wa maeneo ya afya, wana uwezo wa kuandika barua moja inayokubali jambo hilo.

Hapa shule nazo zina deni. Kuna darasa la wanafunzi arobaini lenye mikroskopu moja, na ile moja taa yake imekufa. Kuna kijana anayelipa minervali, analipa staji, kisha anatumwa kuosha vioo mwezi mzima bila kukalishwa kwenye kiti. Shule inayodai karatasi safi kwa mkimbizi ijiulize pia kama wanafunzi wake yenyewe wangeshinda ule mtihani wa vioo ishirini. Pengine hofu ya kupima watu kwa kazi inatoka hapo.

Wazazi waliohama nao wasikate tamaa, lakini wasitoe feza kwa haraka. Mbele ya kulipa, mzazi aombe kuona barua ya serikali inayoruhusu shule kufundisha labo. Aombe kuingia ndani na kuhesabu mikroskopu zinazofanya kazi. Aulize staji inafanyika katika hospitali gani, kisha aende kuuliza hospitali yenyewe. Shule inayokasirika juu ya maswali hayo imekwisha kutoa jibu. Na kama buletini ingali ipo, ipigwe picha leo, picha itumwe kwa ndugu aliye mji mwingine. Simu inapotea, lakini simu tatu hazipotei siku moja.

Vita vimechukua mashamba, ng'ombe na nyumba. Ujuzi ulio katika macho na mikono ya hawa vijana havijauchukua bado, ila unachakaa kila mwezi unaopita bila kutumiwa. Mwaka mmoja sokoni unatosha kusahau umbo la kijidudu. Kipindupindu hakingoji buletini itafutwe, wala malaria. Kwenye benchi la kituo cha afya mama anangoja jibu la mtoto wake, na mtu ambaye angelisoma sawasawa pengine yuko hatua mia mbili kutoka pale, anauza makala.