Matini Rehani: Wasomi na Faili Zilizofungwa

Tasnifu iliyowekwa katika faili ambayo muundo wake ni siri ya kampuni moja haijahifadhiwa, imewekwa rehani. Wanaofanya hivyo, aghalabu bila kujiuliza, ni wasomi wa fasihi, watu ambao kazi yao hasa ni kulinda matini.

Nakala ya kale ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya 1728, nayo ingali inasomeka. Anayetaka kuisoma hana budi kuzijua hati za Kiarabu na Kiswahili cha kaskazini. Halazimiki kuomba idhini ya aliyeuza wino. Maandishi ya tarakilishi hayana hakika hiyo. Mnamo 2007, nyongeza ya tatu ya Microsoft Office 2003 ilizuia baadhi ya miundo ya zamani ya faili, ikiwamo ya Word yenyewe. Sababu iliyotajwa ilikuwa usalama, na fundi aliweza kuuondoa uzuio huo. Hata hivyo, ufunguo wa maandishi ya msomi ulifikaje mkononi mwa mwingine?

Wapo wanaodai kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Dai hilo ni la ajabu likitoka kwa mhakiki awezaye kubishana mwaka mzima juu ya herufi moja iliyokosewa na mnukuzi. Wengine husema kwamba muundo mpya wa Word nao ulipitishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2008. Ni kweli, lakini maelezo yake ya awali yalizidi kurasa 6,000, ilhali yale ya ODF, muundo wazi uliopitishwa mwaka 2006, yalikuwa kama 700. Sheria ndefu kiasi hicho humfaa zaidi aliyeitunga.

Njia mbadala si ya kubuniwa. LibreOffice hupatikana bila malipo na huandika ODF. Kwa wahariri wa tenzi, mwongozo wa TEI, ulioanza kuandaliwa mwaka 1987, huwezesha kila ubeti na kila tofauti ya nakala kuwekewa alama katika maandishi ya kawaida. Serikali ya Uingereza iliichagua ODF kwa nyaraka zake mwaka 2014. Idara ya fasihi inayodai tasnifu katika faili ya Word pekee haina hoja ya kitaaluma. Ina mazoea tu. Na mazoea hayo watakaoyalipia ni watafiti wa kesho, watakaorithi kufuli pasi na ufunguo.