Magazeti Yaliyohifadhiwa Kansas

Gazeti likisha kusomwa, mara nyingi hutumiwa kufungia sukari au kuwashia moto. Katika jimbo la Kansas, Marekani, halikuachwa lipotee hivyo. Mwaka 1875 wahariri wa magazeti ya huko walianzisha Chama cha Historia, wakawa wakikipelekea magazeti yao bure. Mwaka 1879 serikali ya jimbo ilikikabidhi amana ya kumbukumbu zake.

Leo, katika mji wa Topeka, mjukuu wa mkulima aweza kusoma jinsi nzige walivyoteketeza mashamba mwaka 1874, katika magazeti ya siku zile zile. Walioona wamekwisha kufa. Habari zao zi hai. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.