Msiniambie upepo ulikuwa mkali

Wadau, kuna sentensi moja imenichosha: "Upepo ulikuwa mkali." Mlingoti wa intaneti ukianguka Lodwar, upepo ulikuwa mkali. Jukwaa la tangi la maji likiinama Kakuma, upepo ulikuwa mkali. Jamani, upepo wa Turkana ulianza jana?

Msimamo wangu ni huu. Ukisimamisha kitu kirefu na chembamba mahali kama Eliye Springs, haitoshi kujua upepo mkali kabisa una kasi gani. Lazima ujue kitu chenyewe kinatikisika mara ngapi kwa sekunde. Nambari hiyo sijaiona katika karatasi za zabuni zilizopita mikononi mwangu, na sisi waandishi wa programu tunaweza kuitia humo karibu bure.

Tuanze na boriti. Wapwani wanaijua vizuri: vyumba vya nyumba kongwe za Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki nafasi pana. Ukirefusha boriti mara mbili bila kuinenepesha, uzito wake wenyewe huilegeza katikati mara 16 zaidi. Kwa injinia, boriti ni kitu chochote kirefu kinachobeba mzigo kwa kupinda: bawa la ndege, mlingoti, hata mkoma pale kwenye chemchemi za Eliye, ulioshikwa chini na kuachwa huru juu. Hesabu zake ni za karne ya 18. Leonhard Euler alichapisha hesabu ya nguzo inayopindika mwaka 1744, kwa hiyo hakuna siri hapa.

Sasa chukua bomba la chuma la mita 6, upana milimita 60, unene wa ukuta milimita 3. Lizike vizuri kwenye zege ufukweni. Ukilivuta na kuliachia, litayumba mara 1.6 hivi kwa sekunde. Lakini boriti haina mwendo mmoja tu. Kuna mwendo wa pili, ambapo sehemu ya kati inakwenda huku ncha inakwenda kule, na huo kwa bomba letu ni kama mara 10 kwa sekunde.

Upepo ukipita kwenye bomba la mviringo huacha nyuma yake vizingia vidogo vya hewa, kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu. Kila kizingia kinalisukuma bomba kidogo. Idadi yake kwa sekunde ni takriban kasi ya upepo mara 0.2, ugawanye kwa upana wa bomba. Piga hesabu: upepo wa mita 3 kwa sekunde unatoa misukumo 10 kwa sekunde. Ileile 10! Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi kwako.

Mita 3 kwa sekunde ni kilomita 11 hivi kwa saa. Huo ni upepo wa kupunga jasho, wala si wa kuezua paa. Na ufuko wa Eliye una tabia moja mbaya kwa bomba: upepo wa kusini-mashariki unafika hapo ukiwa umepita juu ya maji, bila milima wala nyumba za kuuvuruga, kwa hiyo unaweza kuvuma kwa kasi ileile kwa muda mrefu. Mitetemo 10 kwa sekunde ni 36,000 kwa saa. Upepo wa namna hiyo ukivuma saa 10 kwa usiku, siku tatu tu zinazidi milioni moja. Uchomeleaji pale chini unaanza kupata ufa usioonekana kwa macho. Kisha siku moja unakuja upepo mkali kweli, mlingoti unaanguka, na tunamlaumu aliyekuja mwisho.

Fundi wengi jibu lao ni moja: "weka bomba nene" au "fupisha." Si ujinga. Lakini tazama linalotokea mteja akisema anataka mita 9 badala ya 6 ili antena ione mbali. Mara 1.6 inashuka hadi 0.7. Mzigo wa juu unaoweza kulipindisha bomba ghafla unashuka pia, kutoka kilo 300 hivi hadi kama 136. Zote mbili zimepungua kwa kiasi kilekile, na hilo linatokana na hesabu yenyewe. Ukiongeza uzito juu ya nguzo, inayumba polepole zaidi kadiri unavyokaribia mzigo wa kuipindisha, na ukifika kwenye mzigo huo, kuyumba kunakuwa sifuri: nguzo inalala isirudi. Uthabiti na mtetemo ni swali moja lililoulizwa mara mbili. Kwa hiyo unaweza kujua boriti iko karibu kiasi gani na kushindwa bila kuivunja, kwa kuihesabia mitikisiko tu.

Watu wa ndege na roketi wanaishi na jambo hili kila siku. Roketi nyembamba kama zile za Scout zilizorushwa baharini karibu na Malindi, kwenye jukwaa la San Marco, kuanzia 1967 hadi 1988, ikiwa angani ni boriti isiyoshikwa upande wowote. Mwaka 2003, Juni 26, ndege ya NASA isiyo na rubani iitwayo Helios, ambayo ilikuwa karibu bawa tupu la mita 75, ilivunjikia angani karibu na kisiwa cha Kauai, Hawaii. Hewa yenye misukosuko ililikunja bawa kwenda juu kupita kiasi, likabaki hivyo, na ndege ikaanza kuinuka na kuinama, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia. Bawa lilishindwa kwa sababu umbo lake jipya halikuwa thabiti tena, na kwangu hilo ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la upepo.

Wala tusiende Hawaii. Ng'ambo ya ziwa, Loiyangalani, kuna mitambo ya upepo 365 yenye uwezo wa megawati 310, iliyounganishwa na gridi mwaka 2018. Rota ya kila mtambo ina upana wa mita 52 na huzunguka takriban mara 26 kwa dakika. Panga tatu zikipita mbele ya mnara mara 26 kila dakika, mnara unapata misukumo 1.3 kwa sekunde. Aliyechora mnara ule alihakikisha hauyumbi kwa mwendo huo. Upepo ni wa Turkana uleule, na mitambo imesimama.

Mtu ataniuliza, mlingoti wa bomba na mtambo wa mamilioni wapi na wapi? Mwaka 2015 shirika la WFP lilianza kuwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya chakula kwa njia ya simu, mpango wa Bamba Chakula. Tangu hapo mtandao ukipotea, kuna mama anasimama dukani na simu isiyoweza kulipa. Kwake mlingoti ni chakula.

Mafundi wetu, nawatetea hapa, tayari wanapima. Fundi akimaliza kazi huushika mlingoti na kuutikisa. Hicho ni kipimo kamili, kasoro nambari. Funga simu kwenye bomba kwa utepe, kihisi mwendo chake kinaweza kusoma mara 100 kwa sekunde, na programu ya mistari 40 ya Python inakutolea mwendo wa kwanza na wa pili. Ukiona wa pili unaangukia kwenye upepo wa kawaida wa mahali hapo, zungushia bomba kamba nene kama skrubu ili kuvuruga vizingia, au ning'iniza mnyororo ndani yake umeze mtetemo. Vyote vinapatikana dukani Lodwar.

Halafu andika nambari kwenye karatasi ya makabidhiano, sahihi ya fundi na ya mteja. Mwaka ukipita, rudini mpime tena. Antena ni ileile, bomba ni lilelile, lakini mitikisiko 16 kwa sekunde 10 imekuwa 14? Mfukue zege na mwangalie pale chini kabla ya mtu yeyote kupanda.