Nilicheka, na sasa naona aibu

Niko likizo Ngaka, huku kwetu Mbinga, ambako malori ya makaa ya mawe yamekuwa yakipishana tangu uchimbaji uanze mwaka 2011.

Juzi kwa mama ntilie alikuja fundi mmoja wa malori, Mhindi. Akaomba ugali na maharage. Alipowekewa na usipa pembeni, akaurudisha kwa upole. Kabla ya kula akafumba macho, akanong'ona maneno fulani. Alipoondoka tu, jamaa mmoja akasema, "Hao si ndio wanaabudu sanamu na ng'ombe?" Meza nzima ikacheka. Na mimi mwandishi wa habari nikacheka.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Shingoni alivaa shanga za tulsi, mmea wa jamii ya kivumbasi, ambazo huvaliwa na Wavaishnava, yaani Wahindu wanaomwabudu Vishnu, hasa kwa jina la Krishna au Rama. Nilishawahi kuingia kwenye hekalu lao pale Kisutu, Dar es Salaam, nikiwa na mfanyakazi mwenzangu. Alinieleza mengi, na mengine nikajisomea mwenyewe.

Kwanza, wanaamini Mungu hushuka duniani na kuishi kati ya watu. Pili, kwao njia kuu ya wokovu ni kumpenda Mungu. Tatu, wanarudia majina ya Mungu kwa shanga 108, kama bibi yangu anavyosali rozari kila jioni. Nne, chakula hutolewa kwanza kwa Mungu, kisha waumini hugawana.

Hata ugomvi wetu wanao. Wafuasi wa Ramanuja, mwalimu wa India Kusini wa karne ya 11 na 12, waligawanyika kuhusu neema. Wapo waliosema mtu ni kama mtoto wa nyani: mama anambeba, lakini lazima mwenyewe ashikilie. Wengine wakasema ni kama mtoto wa paka: mama humbeba kwa mdomo, yeye hafanyi lolote. Sasa niambieni, hiyo ina tofauti gani na mjadala wa imani na matendo uliolipuka Ulaya baada ya Luther mwaka 1517?

Naomba nieleweke. Sisemi dini zote ni moja. Hayo ni maneno ya mtu mvivu wa kufikiri. Kwao Mungu ameshuka mara nyingi. Kwetu Neno alifanyika mwili mara moja tu, akafa msalabani. Kwao roho huzaliwa tena na tena kulingana na matendo yake mpaka ikombolewe. Sisi tunangoja ufufuko. Tofauti hizo ni kubwa, na Mvaishnava makini hatapenda uzifunike, kama Mkristo makini asivyopenda.

Lakini suala la sanamu tuwe waangalifu. Wao huamini kuwa baada ya kuwekwa wakfu, Mungu yupo kweli katika sanamu ile. Sisi Wakatoliki tunasema sanamu ya Bikira Maria ni ukumbusho tu. Sawa. Ila mbele ya Ekaristi tunapiga goti, kwa sababu tunaamini Kristo yupo pale kweli. Mgeni akituona, si atasema tunaabudu mkate? Na walokole si wanatusema kila siku kwamba tunaabudu sanamu? Tunajua inavyouma.

Jioni nikamsimulia bibi. Akasikiliza huku rozari iko mkononi.

"Huyo mtu alisali kabla ya kula?"

"Alisali, bibi."

"Na nyie mliokuwa mnamcheka, mlisali?"

Nikanyamaza. Hakuna aliyesali, hata mmoja.

Nisiwachoshe. Kubishana kuhusu dini ruksa, hata mimi napenda. Lakini tubishane na mtu akiwa mezani, baada ya kumuuliza anaamini nini. Kesho narudi kwa mama ntilie. Nikimkuta yule fundi, nitakaa meza yake, na kabla ya kula nitafumba macho na mimi.

Nyie mnaonaje?